Sauti za akina mama zilizopotelea kabatini

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti

Katika mkutano mkuu wa mwaka wa msikiti wetu, ajenda ya tatu ilihusu ada ya madrasa, ambayo kamati ilipendekeza ipandishwe. Mwenyekiti alipofungua mjadala, kipaza sauti kisichotumia waya kilipelekwa nyuma ya ukumbi, upande wa akina mama, nyuma ya kiambaza cha mbao. Mama mmoja akasimama. Tukasikia bismillahi, kisha mkwaruzo, kisha maneno "watoto watatu", kisha kimya. Akajaribu mara ya pili na ya tatu. Mwenyekiti, kwa nia njema kabisa, akasema, "Ahsante mama, tumekuelewa," akaendelea na ajenda. Ukweli ni kwamba hatukumwelewa. Nami, kwa kuwa ndiye katibu, nikaandika katika muhtasari kwamba upande wa akina mama haukuwa na pingamizi.

Hali hiyo haikuanza siku ile. Katika darsa za familia tulikuwa tumezoea kusema kwamba akina mama wa siku hizi hawaulizi maswali. Hatukujiuliza ni mtu gani atakayeinua mkono mara ya tatu ikiwa mara mbili za mwanzo sauti yake ilikatika mbele ya watu wote. Kamati ikahitimisha kwamba chombo ni kibovu, nami nikatakiwa kuandaa barua ya kuwaomba waumini michango ya kununua kingine.

Barua ile haikutoka. Kijana mmoja aliyesoma madrasa yetu, ambaye sasa ni fundi wa mitambo ya sauti, aliomba kwanza afunguliwe kabati. Kisanduku cha kupokea mawimbi, ambacho mafundi hukiita risiva, tulikuwa tumekiweka ndani ya kabati la chuma chini ya jukwaa na kukitia kufuli kwa kuchelea wezi. Alimwomba mama aliyekuwa akipanga majamvi nyuma ya kiambaza ashike kipaza sauti na kuhesabu moja hadi ishirini. Mlango wa kabati ukiwa wazi, hesabu ilisikika vizuri. Alipoufunga, ikakatikakatika. "Ustadh," akaniambia, "chombo hiki ni kizima. Ninyi ndio mmekiziba masikio."

Inafaa tufahamu jinsi jambo hili linavyokuwa, kwani misikiti mingi ina vyombo vya namna hii na watunzaji wake ni watu kama mimi, tusiosomea umeme. Kipaza sauti kisichotumia waya hugeuza sauti kuwa mawimbi ya redio na kuyatuma hewani kwa nguvu ndogo mno, mara nyingi kati ya sehemu moja ya mia na sehemu moja ya ishirini ya wati. Antena za risiva ndizo masikio yanayoyapokea. Chuma huyarudisha mawimbi hayo yalikotoka. Mwili wa binadamu nao, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni maji, huyanyonya. Ndiyo maana chombo kinaweza kujaribiwa katika ukumbi mtupu na kufanya kazi vyema, kisha kikashindwa siku ya mkutano watu wanapojaa kati ya msemaji na antena.

Jambo jingine ni kwamba mawimbi hugonga kuta, nondo na mabati na kurudi kwa njia ndefu zaidi. Yakikutana na yale yaliyokuja moja kwa moja, huweza kufutana mahali fulani, hata msemaji akisogea hatua moja tu sauti ikarejea. Kwa sababu hiyo, risiva nyingi zina antena mbili, ili wimbi likidhoofika kwenye moja lipokewe na nyingine. Hata hivyo, katika baadhi ya risiva za bei nafuu zenye vipaza sauti viwili, kila antena huhudumia kipaza sauti chake peke yake. Ni vyema kulibaini hilo kabla ya kununua.

Kutokana na mafunzo ya kijana yule, haya ndiyo tuliyoyafanya, na kamati nyingine zaweza kuyafuata.

Kwanza, tulikitoa kisanduku kwenye chuma na kukiweka ndani ya kabati dogo la mbao kavu lenye kufuli, kwani mbao kavu haiyazuii sana mawimbi. Kabati hilo tulilitundika ukutani ubavuni mwa ukumbi, juu kuliko kichwa cha mtu aliyesimama, yaani zaidi ya mita mbili. Kutoka hapo antena zinaelekeana na jukwaa na pia upande wa akina mama, pasipo umati kati yake.

Pili, antena mbili zilizokuwa zimelazwa tulizisimamisha zikatengana kama herufi V, kila moja ikiinama nyuzi 45. Msemaji hukishika kipaza sauti kwa namna mbalimbali, nasi twataka walau antena moja ilingane na mkao wake. Antena zikiwa za kuchomolewa, ziachanishwe. Katika masafa ya megahezi 600, urefu wa wimbi moja ni sentimita 50. Umbali kati ya antena usipungue robo ya urefu huo, yaani takriban sentimita 12 na nusu, na ukifika sentimita 50 ni bora zaidi.

Tatu, tuliziepusha na ruta ya intaneti, kompyuta na skrini kubwa ya matangazo, kwani vifaa hivyo hutoa makelele ya redio yasiyosikika kwa sikio. Vilevile antena zisiwe karibu mno na msemaji. Umbali wa mita tatu au zaidi unatosha kuzuia risiva isizidiwe na mawimbi.

Nne, hatukurefusha waya wa antena. Waya huo hupoteza nguvu ya mawimbi kwa kila mita inayoongezeka, na waya wa antena ya televisheni haukukusudiwa kazi hii. Ni afadhali risiva yenyewe isogezwe karibu na wasemaji, kisha sauti ipelekwe kwenye amplifaya kwa kebo nzuri ya vipaza sauti, ambayo huweza kwenda makumi ya mita bila madhara.

Tano, tuliwafundisha watumiaji wasikishike kipaza sauti kwa kukifumbata chini kabisa, maana vingi vina antena yake sehemu hiyo. Betri nazo hukaguliwa kabla ya kila kikao.

Mwisho, tulifanya jaribio la kutembea. Mmoja alizunguka ukumbi mzima akisoma polepole, mwingine akatazama taa za risiva na kuandika kila mahali zilipofifia. Feni, taa na skrini zote zilikuwa zimewashwa, kama ilivyo siku ya mkutano.

Lipo tatizo moja ambalo antena haiwezi kulitatua. Tangu matangazo ya televisheni yalipohamia mfumo wa dijitali, masafa ya megahezi 694 hadi 790 yalitengwa katika ukanda wetu wa Afrika na Ulaya kwa ajili ya simu za mkononi. Kipaza sauti cha zamani kilichotengenezwa kwa masafa hayo huweza kuingiliwa popote kitakapowekwa. Masafa huandikwa kwenye kibandiko cha chombo. Yasomwe kabla ya kulipa, na penye shaka iulizwe Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Ndugu wasomaji, fedha za msikiti ni amana, na kuwachangisha watu kwa kununua kitu ambacho hakijaharibika ni kuitumia vibaya amana hiyo. Lakini liliponielemea zaidi ni lile la muhtasari. Sura ya 58 katika Qur'ani, Al-Mujadila, imepata jina lake kwa mwanamke aliyemwendea Mtume (s.a.w.) na kujadiliana naye kuhusu mumewe. Bi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba alikuwa karibu nao nyumbani, na baadhi ya maneno ya mwanamke yule hakuyasikia, ilhali Mwenyezi Mungu aliyasikia na kuteremsha hukumu. Nasi tuliandika "hakuna pingamizi" kwa sababu tu masikio yetu hayakumfikia mwenye kusema.

Nilimwendea mama yule, nikamwomba radhi na kumuuliza alikuwa amesema nini. Ana watoto watatu madrasa, na alitaka familia zenye watoto zaidi ya wawili zipunguziwe ada. Hakuwa peke yake, maana wenzake wanne walikuwa wamemtuma. Nimeurekebisha muhtasari, na ajenda ya ada imerudishwa kwenye kikao kijacho.

Kwa makatibu na wenyeviti wenzangu nina ombi moja. Kabla ya kuandika barua ya michango, fungueni kabati, kisha nendeni mkaketi mahali wanapoketi akina mama, msikilize kutoka huko.

Wabillahi tawfiq.