Pesa za Wagonjwa wa Akili Ziko Kaunti

Vikundi kadhaa vimetuuliza: je, serikali ina pesa za kusaidia wagonjwa wa akili huku vijijini? Njia ipo, lakini si ya kungoja hundi iletwe kwa mwenyekiti wa kikundi.

Zamani mtu akiugua akili, jamaa walichanga nauli wampeleke Mathari, Nairobi. Waliokosa walimfunga kamba nyumbani. Hayo tumeyaona, na bado yapo. Tangu 2013 dispensari na hospitali nyingi ziko chini ya kaunti, na sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa mwaka 2022 inaitaka kaunti itoe huduma hizo karibu na watu na kuzitengea pesa.

Sasa shida iko wapi? Bajeti hupangwa mapema. Makadirio hufikishwa bunge la kaunti kabla ya Aprili kwisha, na mwaka wa pesa huanza Julai 1. Ukienda kulia Agosti, chungu kimeshaepuliwa. Kabla ya hapo kaunti inatakiwa kusikiliza wananchi. Basi hudhurieni mikutano hiyo, tena msiseme tu "tusaidiwe". Ombeni kitu kinachohesabika: nesi wa wagonjwa wa akili afike dispensari yenu kila mwezi, na dawa zisikatike. Dawa zikikatika, aliyekuwa amepata nafuu huanza kuugua upya. Andikeni barua, mweke nakala, na Julai ikifika mumuulize mwakilishi wadi: fungu letu liko ukurasa gani?