KAHAWA YA BARIDI: NYUMBANI NA SAFARINI

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Natumaini kila mtu amekwisha kaa, na daftari lake liko tayari. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano: kahawa, barafu, shira, vijidudu, mvuke. Kila mwanafunzi ayanakili. Tutakutana nayo njiani.

Leo tunazungumza juu ya kinywaji ambacho wote mnakijua, lakini kwa namna ambayo pengine hamjaizoea. Kinywaji hicho ni kahawa.

Watu wa pwani huinywa kahawa chungu, ya moto sana, katika vikombe vidogo. Huinywa barazani jioni, pamoja na kashata au tende. Wahaya, tangu zamani, huzichemsha buni, huzikausha, kisha huzitafuna. Na mgeni akifika hupewa buni kwa heshima. Wakulima wa Kilimanjaro huipanda kahawa chini ya migomba, na mwaka 1933 waliunda chama chao cha ushirika, KNCU, ili waiuze pamoja.

Basi kahawa ni yetu. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kahawa ya Tanzania huuzwa nchi za nje, na sisi wenyewe tunakunywa kidogo. Jua linapowaka mtu hununua soda, wakati buni zimo ndani ya nyumba yake. Somo la leo litamwonyesha namna ya kuzitumia siku ya joto.

Moto ni mlinzi

Kabla ya kutengeneza, sharti tuelewe jambo moja. Hili ndilo jambo kubwa la somo letu, kwa hiyo sikilizeni vizuri.

Mtu anywaye kahawa ya moto amelindwa bila kujua. Maji yake yamechemka, na maji yaliyochemka vijidudu vyake vya maradhi vimekufa. Moto ni kama askari aliyesimama mlangoni. Lakini kahawa ikiwa ya baridi, je, askari huyo yuko wapi? Hayupo. Mtu akichukua maji ya kisimani yasiyochemshwa, akatia kahawa na barafu, amemfungulia mwizi mlango.

Huenda mmoja wenu anauliza, "Je, barafu haiui vijidudu?" La, haiui. Baridi huvilaza vijidudu tu. Barafu ikiyeyuka vijidudu vingi huamka, pamoja na vile vya kipindupindu na vya kuhara. Kwa hiyo barafu iliyotengenezwa kwa maji machafu ni uchafu uliogandishwa.

Basi shikeni kanuni hii: kahawa ya baridi hutengenezwa kwa maji yaliyochemka kwanza. Maji yaache yatokote kwa nguvu kwa dakika 1 nzima. Barafu nayo igandishwe kutoka maji kama hayo. Vyombo vioshwe kwa sabuni, kisha visuuzwe kwa maji ya moto.

Njia ya kwanza: kuchemsha na kupoza

Njia hii inamfaa mtu asiye na friji.

Chemsha nusu lita ya maji. Yakitokota, tia vijiko vikubwa 6 vya kahawa iliyosagwa. Kama unayo barafu safi ya kutia baadaye, tia vijiko 8, maana barafu ikiyeyuka huipunguza kahawa nguvu. Ipua sufuria, ifunike, ngoja dakika 5. Kisha chuja kwa kitambaa safi.

Tia sukari sasa hivi, kahawa ingali moto. Sukari huyeyuka upesi katika moto, lakini katika baridi hukaa chini ya bilauri kama mchanga. Ukipenda tangawizi au iliki, itwange na kuichemsha pamoja na maji tangu mwanzo.

Sasa poza. Weka sufuria, ikiwa na kifuniko chake, ndani ya beseni la maji baridi. Maji ya beseni yakipata joto, yamwage, tia mengine. Angalia sana maji ya beseni yasiingie ndani ya sufuria. Kahawa ikipoa, inywe siku ile ile.

Njia ya pili: kuloweka

Njia hii inamfaa mwenye friji. Haihitaji kupika kahawa hata kidogo, inahitaji subira.

Chukua gramu 100 za kahawa iliyotwangwa kwa ukubwa wa chenga, isiwe laini kama unga. Itie katika chombo safi chenye kifuniko. Mimina lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Koroga, funika, weka katika friji tangu jioni mpaka asubuhi, muda wa saa 12 au zaidi kidogo, isipite saa 18. Chuja mara mbili, machicha yatupe shambani. Kahawa yako i tayari.

Kwa nini muda mrefu hivyo? Maji ya moto huvuta ladha ya kahawa upesi. Maji baridi huivuta polepole. Lakini polepole hiyo ina faida. Sehemu ya uchungu na ukali hubaki katika machicha, na kahawa hutoka laini mdomoni. Hata mtu asiyependa kahawa chungu huweza kuipenda hii.

Kwa kuwa kahawa hii haikupata moto, sukari haitayeyuka vizuri ndani yake. Hapo ndipo tunapohitaji shira. Chemsha kikombe 1 cha sukari na kikombe 1 cha maji mpaka sukari iyeyuke yote, kisha ipoe. Kila bilauri itie kijiko kimoja au viwili.

Usiiloweke kahawa usiku kucha nje ya friji katika nchi ya joto. Muda ni mrefu, na kijidudu kimoja kilichobaki chomboni huzaa vingi. Hata ndani ya friji, iwe imekwisha katika siku 3.

Safarini

Sasa tuseme mtu anasafiri kwa basi kutoka Moshi kwenda Dar es Salaam. Njia ni ndefu, jua ni kali. Anaweza kufanya mojawapo ya mambo matatu.

La kwanza ni chupa ya chai. Wengi hudhani chupa hii ni ya vitu vya moto tu. Sivyo. Ilibuniwa mwaka 1892 na mtaalamu wa Uingereza, James Dewar, ambaye alitaka kuhifadhi vitu vya baridi kali. Ina kuta mbili, na katikati hewa imetolewa. Joto la ndani halitoki kwa urahisi, wala joto la nje haliingii kwa urahisi. Basi jaza kahawa iliyokwisha poa, na barafu safi kama unayo, na funga. Itakaa baridi kwa saa nyingi.

La pili ni kitambaa kilicholoa. Mnajua kwamba maji ya mtungi huwa baridi hata siku ya jua. Sababu ni kwamba maji kidogo hupenya udongo na kutoka nje, kisha hugeuka mvuke. Yanapogeuka mvuke huchukua joto la mtungi na kwenda nalo. Fanya hivyo hivyo kwa chupa yako: izungushie kitambaa kilicholoa, iweke kivulini penye upepo, na kila kitambaa kikikauka kiloweshe tena. Njia hii hufaa zaidi penye hewa kavu, kama Dodoma. Penye hewa ya unyevu, kama Tanga, maji hayageuki mvuke upesi, kwa hiyo baridi yake ni kidogo.

La tatu ni kahawa ya unga unaoyeyuka, kama ile inayotengenezwa na kiwanda cha TANICA huko Bukoba. Kahawa hii imekwisha pikwa na kukaushwa kiwandani. Kwa hiyo huyeyuka hata katika maji baridi. Mwaka 1957, katika maonyesho ya biashara ya Thessaloniki, nchi ya Ugiriki, mfanyakazi mmoja aitwaye Dimitris Vakondios alitaka kahawa yake, wala hakupata maji ya moto. Akatia kahawa na maji baridi katika chombo chenye kifuniko, akatikisa. Ikatoka kahawa yenye povu jingi. Leo kinywaji hicho hujulikana Ugiriki yote kwa jina la frappé.

Msafiri wetu naye aweza kufanya hivyo. Achukue mtungi mdogo wa kioo au wa plastiki wenye kifuniko kisichovuja. Atie ndani, zingali kavu, kijiko kidogo 1 au 2 cha kahawa hiyo na sukari kiasi apendacho. Basi likisimama, atie maji kidogo, afunge, atikise mpaka povu lijae, kisha aongeze maji mengine. Maji yawe yale aliyoyachemsha nyumbani, au ya chupa ambayo kifuniko chake hakijafunguliwa. Kwa safari ndefu naona hii ndiyo njia iliyo bora, kwa sababu unga mkavu hauharibiki njiani.

Na maziwa je? Maziwa yaliyokaa katika joto huharibika upesi. Yakiwa nje ya friji, yasipite muda wa saa 2. Safarini chukua maziwa ya unga.

Neno la mwisho. Kahawa ya baridi hushuka kooni upesi kama maji, na mtu husahau kwamba anakunywa kahawa. Huondoa usingizi kwa muda, lakini haiwi badala ya usingizi. Dereva aliyechoka asimamishe gari apumzike. Mama mjamzito anywe kidogo tu, na watoto wadogo wasipewe.

Maswali ya darasa

1. Kwa nini kahawa ya moto humlinda anayeinywa?
2. Je, barafu huua vijidudu? Eleza.
3. Shira hutengenezwaje, nayo hutumika wapi?
4. Kwa nini kitambaa kilicholoa hupoza chupa?
5. Msafiri asiye na friji achukue kahawa ya namna gani, na maji gani?

Mwalimu, waache wanafunzi wajadiliane kwanza, kisha kila mmoja aandike majibu yake. Na kama darasani kuna sufuria na beseni, jaribuni njia ya kwanza kabla ya kwenda nyumbani. Kwaherini, na someni vyema.