Dawa ya Pumu Isifungiwe Kabatini

Katika shule nyingi za bweni za Mbarara, siku ya kufungua muhula ina desturi yake. Mzazi hufika langoni pamoja na mwanawe, wakiwa na sanduku, godoro, ndoo na sabuni. Mwalimu wa zamu hulifungua sanduku, akapekua kitu baada ya kitu, na dawa yoyote anayoikuta huiweka kando. Dawa hiyo huandikwa jina la mwanafunzi, ikapelekwa katika chumba cha wagonjwa na kufungiwa kabatini. Ufunguo hukaa kwa mtu mmoja.

Desturi hiyo haikuzuka bure. Watoto hugawana vidonge kama wanavyogawana karanga. Mmoja akiumwa kichwa humeza dawa aliyopewa na mwenzake, bila kujua ni ya ugonjwa gani. Kwa hiyo mwalimu anayekusanya dawa hafanyi uonevu, bali anawalinda watoto aliokabidhiwa. Hata hivyo, katika rundo lile la vidonge na chupa kuna kitu kimoja ambacho ulinzi wa namna hiyo hukigeuza kuwa hatari. Nacho ni kile kikopo kidogo cha dawa ya kuvuta kwa mdomo, kiitwacho inhela, ambacho mwanafunzi mwenye pumu hukitegemea ili aweze kupumua.

UGONJWA WENYEWE

Pumu si kikohozi cha kawaida, wala si ugonjwa wa kuambukiza. Ni maradhi ya njia za hewa ndani ya mapafu. Njia hizo huwa na uvimbe wa muda mrefu, nazo huchokozwa upesi na vitu ambavyo mtu mwingine huvipita bila kuvihisi: vumbi, moshi, chavua ya maua, manyoya ya wanyama, baridi ya alfajiri, au mafua madogo. Zikisha kuchokozwa, misuli inayozizunguka hujikaza, uvimbe huongezeka, na makohozi mazito huziba nafasi iliyobaki. Mgonjwa huvuta hewa kwa shida na kuitoa kwa shida zaidi, huku kifua kikilia kama filimbi.

Wapo wanaodhani kwamba haya ni maradhi ya watu wachache wa mijini. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Uganda, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba watu wapatao 11 katika kila 100 walikuwa na pumu. Aidha, wataalamu waliowachunguza watoto zaidi ya 600 wa chini ya miaka mitano katika hospitali ya Mulago, walieleza mwaka 2013 kwamba watoto wanne hivi katika kila kumi waliofika wakikohoa na kuhema walikuwa na pumu, na kwamba wengi wao hawakuwa wametambuliwa. Mtoto wa namna hiyo hutibiwa homa ya mapafu mara kwa mara, akaanza shule bila yeye wala wazazi wake kulijua jina la ugonjwa wake.

SAA TISA ZA USIKU

Ni tabia ya pumu kuzidi usiku na karibu na alfajiri. Hebu msomaji atafakari mfano huu. Msichana wa kidato cha pili anaamka saa tisa usiku, kifua kimembana. Dawa yake imo kabatini, ng'ambo ya uwanja. Ufunguo anao muuguzi, ambaye jioni amekwenda kwake mjini. Wenzake wanamwamsha mlezi wa bweni. Mlezi anamtafuta mlinzi, mlinzi anamgongea mwalimu, na mwalimu anampigia simu muuguzi. Dawa ambayo ingeanza kumpa nafuu katika dakika chache inafuatwa kwa nusu saa au zaidi, na muda wote huo msichana hapumui vyema, naye hofu inamzidishia.

Katika mfano huu hakuna mtu mwovu. Kila mmoja ametii kanuni. Kosa limo katika kanuni yenyewe, ambayo haikutofautisha dawa inayoweza kungoja na dawa isiyoweza kungoja.

Tofauti hiyo ni rahisi kuielewa. Wagonjwa wengi wa pumu hupewa dawa za namna mbili. Ya kwanza ni ya kutuliza, nayo ni salbutamoli, ambayo mara nyingi huwa katika inhela ya rangi ya buluu. Hulegeza misuli ya njia za hewa kwa haraka. Ya pili ni ya kukinga, kama vile budesonidi au beklometasoni. Hii hupunguza ule uvimbe polepole, nayo hutumiwa kila siku, kwa kawaida asubuhi na jioni, hata mgonjwa akijiona mzima; baada ya kuivuta yapasa kusukutua mdomo kwa maji. Inhela ya kukinga iliyo peke yake haimwokoi aliyekwisha shikwa. Na anayetumia ile ya kutuliza kila siku bila ya kukinga hajapona, anaificha hatari. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2019 miongozo ya kimataifa ya matibabu ya pumu haishauri tena kwamba vijana na watu wazima watibiwe kwa salbutamoli peke yake.

Basi dawa ya kukinga yaweza kukaa kwa mlezi wa bweni, mradi ahakikishe kwamba inatumiwa kila siku. Ya kutuliza mahali pake ni mfukoni mwa mwanafunzi.

HALI YA NAKIVALE

Kusini-mashariki mwa mji wa Mbarara, katika wilaya ya Isingiro iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Mbarara hadi mwaka 2005, yapo makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Makazi hayo, yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, ni miongoni mwa makazi makongwe kabisa ya wakimbizi barani Afrika, na leo yana Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo zaidi ya laki moja. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mtoto mkimbizi haki ya elimu ya msingi sawa na mtoto wa raia.

Kwa mtoto mwenye pumu, safari ya kuifikia elimu hiyo ina vikwazo vyake. Wakati wa kiangazi barabara za udongo hutoa vumbi jingi kila gari linapopita. Moshi wa kuni hutoka katika jiko la nyumbani, na tena katika jiko la shule ambamo ugali na maharage hupikwa. Mtoto aliyetibiwa Kongo huweza kufika na karatasi ya hospitali iliyoandikwa kwa Kifaransa, ambayo mwalimu hawezi kuisoma. Na mwingine amepoteza karatasi zote njiani. Hapo Kiswahili, ambacho wengi katika makazi hayo hukielewa, chaweza kuwa daraja. Mwalimu akiuliza tu, "Je, kifua hukubana usiku? Je, hulia kama filimbi unapokimbia?" atakuwa amegundua jambo ambalo karatasi haikumwambia.

Kikwazo kingine ni umaskini. Inhela huwa na bei, na vidonge vya salbutamoli hupatikana kwa fedha kidogo. Lakini vidonge huchelewa kufanya kazi, tena hutetemesha mikono na kuuendesha moyo mbio, kwa kuwa dawa hupitia mwili mzima kabla ya kufika kifuani. Penye inhela, hata moja, ina thamani kuliko rundo la vidonge.

CHUPA YA NUSU LITA

Watoto wengi hawawezi kulinganisha kubonyeza inhela na kuvuta pumzi. Dawa huishia kooni. Madukani kipo chombo maalumu cha plastiki cha kuishika dawa kabla haijavutwa, lakini si kila familia inayoweza kukinunua. Mwaka 1999, Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town, Afrika Kusini, walitoa habari njema kwa watu wa kipato kidogo: chupa ya kawaida ya plastiki ya nusu lita ilifanya kazi sawa na chombo cha dukani kwa watoto walioshikwa na pumu. Chupa hutobolewa kitakoni tundu linalolingana na mdomo wa inhela, inhela ikaingizwa hapo, na pembezoni pakazibwa kwa gundi ili dawa isivuje. Mtoto huweka midomo yake kwenye mdomo wa chupa, dawa hubonyezwa mara moja, naye hupumua taratibu mara nne hadi sita; kisha hubonyezwa tena.

Hiyo ni kazi ambayo hata waalimu na wanafunzi wanaweza kuifanya kwa mchana mmoja, kwa kuonyeshwa na mganga wa kituo cha afya.

LA KUFANYA

Nchi nyingine zimekwisha tambua jambo hili. Marekani ilipitisha mwaka 2004 sheria ya kuyahimiza majimbo yawaruhusu wanafunzi kubeba inhela zao wenyewe. Nchini Uingereza, tangu Oktoba 2014 shule zimeruhusiwa kununua inhela za salbutamoli za dharura bila karatasi ya daktari. Kwetu, mkutano mmoja wa wazazi na waalimu unatosha kuanza.

Kwanza, mwanafunzi mwenye pumu abebe inhela yake ya kutuliza, na ya pili iwekwe mahali pasipofungwa na panapojulikana na kila mtu mzima shuleni. Pili, shule iwe na karatasi moja kwa kila mgonjwa, iliyoandikwa na mganga: dawa gani, kiasi gani, na nani apigiwe simu. Tatu, matumizi yahesabiwe. Inhela nyingi huwa na mibonyezo 200. Isiyo na hesabu juu yake huweza kuendelea kutoa hewa hali dawa imekwisha. Nne, kila mwalimu ajue dalili za hatari: mtoto asiyeweza kumaliza sentensi, mbavu zinazozama ndani kila anapovuta pumzi, midomo inayogeuka rangi. Mtoto huyo asilazwe chali, bali akalishwe wima, apewe dawa, na apelekwe hospitali huku akiendelea kupewa. Kifua kilichonyamaza ghafla hali mtoto anazidi kulegea si dalili ya nafuu.

Karatasi hiyo hiyo iandikwe mizio ya mtoto. Wapo wasiopatana na penisilini, na wapo wanaovimba uso na kubanwa koo wakiumwa na nyuki. Vidonge vya mzio hutuliza mwasho na chafya, na baadhi yake humtia mwanafunzi usingizi darasani. Lakini koo likibanwa, kinachohitajika ni sindano ya adrenalini, na njia ya kwenda kituo cha afya isicheleweshwe kwa kungoja vidonge vifanye kazi.

Turudi langoni, siku ya kufungua shule. Mwalimu ameliinamia sanduku na mkononi ana kikopo cha buluu. Hapaswi kuiacha kazi yake ya ulinzi. Amwulize mzazi maswali mawili: dawa hii hutumiwa vipi, na je, mtoto anajua kuitumia? Kisha amwombe mtoto aionyeshe mbele yake. Akiridhika, aandike katika daftari lake, halafu amrudishie mwenyewe mkononi.