Dawa ya Kukojoza na Safari ya Kilosa

Baada ya mavuno ya karafuu, baadhi yetu huvuka bahari kwenda kuwaona jamaa zetu Mikumi na Kilosa. Wamo wanaovimba miguu, nao wamepewa na daktari furosemidi, dawa ya kukojoza. Barabara itokayo Morogoro hupita ndani ya mbuga ya Mikumi kwa kiasi cha kilomita 50, na humo si ruhusa kushuka garini ovyo. Kwa kuogopa haja njiani, wengine huacha kumeza dawa, kisha wafikapo humeza vidonge viwili pamoja. Hapo ndipo penye hatari.

Ukiacha dawa, maji hurudi, hata mapafuni, ukakosa pumzi. Ukizidisha, mwili hukauka na madini ya potasiamu hupungua, moyo ukapiga ovyo.

Basi, ndugu mwanachama, kabla ya safari mwulize daktari saa ya kumeza siku hiyo. Ukiharisha, ukitapika au ukishikwa na kizunguzungu katika joto la huko, nenda hospitali upesi. Dawa za maumivu kama diklofenaki usizimeze bila kumwuliza. Wala usimgawie jirani kidonge chako: matende hayaponi kwa dawa hii.