Kurahisisha Mitajo yenye Sehemu, Vipeuo vya Pili na Vipeo vya Sehemu: Ufafanuzi kwa Mifano ya Ekari na Msitu katika Mikoa ya Mbeya na Iringa

Katika vijiji vingi vya mikoa ya Mbeya na Iringa, ekari ya shamba hupimwa kwa miguu: hatua 70 kwa hatua 70. Kipimo hiki hutumika katika kukodisha mashamba, kulipa vibarua na kugawa urithi, na ni nadra mtu kuuliza namba 70 imetoka wapi. Imetokana na kipeuo cha pili. Ekari moja ni yadi za mraba 4,840, na hatua ndefu ya mtu mzima huchukuliwa kuwa sawa na yadi moja. Hivyo, upande wa ekari yenye umbo la mraba ni √4840.

Kurahisisha mtajo huo ni kutafuta ndani yake namba iliyo mraba kamili. Kwa kuwa 4840 = 484 × 10, na 484 ni mraba wa 22, basi √4840 = √484 × √10 = 22√10, yaani yadi 69.57 hivi. Sabini ya wanakijiji ni makadirio mazuri ya 22√10. Eneo linalopatikana, yadi za mraba 4,900, limezidi ekari kwa asilimia moja na kidogo tu.

Hatua iliyotenganisha √484 na √10 inahitaji uthibitisho, na uthibitisho huo hupatikana kwa urahisi zaidi katika lugha ya vipeo. Kanuni ya kuzidisha vipeo vyenye kizio kimoja ni kujumlisha: a³ × a² = a⁵. Kanuni hiyo ikiachwa iendelee kufanya kazi hata pale kipeo kinapokuwa sehemu, basi a^(1/2) × a^(1/2) = a^1 = a. Namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe huleta a ni kipeuo cha pili cha a; kwa hiyo, iwapo a si hasi, a^(1/2) = √a. Alama ya kipeuo, kwa maana hiyo, ni namna nyingine ya kuandika kipeo, na kanuni (ab)^n = a^n × b^n inatosha kutenganisha √484 na √10.

Kipeo chenye kiasi kikubwa kuliko 1 husomwa vivyo hivyo: asili hutaja kipeuo, kiasi hutaja kipeo. Tangi la saruji lenye umbo la mchemraba na ujazo wa mita za ujazo 8 lina kitako cha mita za mraba 8^(2/3), yaani 2², ambazo ni 4.

Ugumu huanza pale sehemu inapoingia. Mtu anayekodi nusu ekari ya umbo la mraba anastahili upande wa √(4840/2), ambao ni 22√10/√2. Kuondoa kipeuo katika asili, kiasi na asili huzidishwa kwa √2: 22√20/2 = 11√20 = 22√5, yaani hatua 49 na kidogo. Anayedhani kwamba nusu ya eneo hutokana na nusu ya upande atapima 35 kwa 35, naye atapata robo ekari huku akilipia nusu. Wakulima wengi hukwepa kosa hili bila hesabu yoyote ya vipeuo, kwa kukata 70 kwa 35.

Wasiolikwepa ni wale wanaobadili hatua kuwa mita bila kubadili namba. Mraba wa mita 70 kwa 70 una mita za mraba 4,900, ilhali ekari ina takribani 4,047, na upande wake ni mita 63.6. Upande umezidi kwa sehemu ya kumi tu, lakini eneo limezidi kwa zaidi ya sehemu ya tano. Mfuko wa mbolea wa kilo 50 uliokusudiwa ekari moja, ukisambazwa hapo, huipa kila ekari halisi kilo 41 tu hivi.

Kosa jingine ni la kujumlisha. Kipeo husambaa juu ya kuzidisha na kugawanya. Hakisambai juu ya kujumlisha. Katika upimaji wa misitu, kama ule wa Sao Hill wilayani Mufindi, wastani wa kipenyo cha miti hukokotolewa kwa kipeuo cha pili cha wastani wa miraba ya vipenyo. Kwa miti miwili ya paini yenye vipenyo vya sentimita 10 na 20, mtajo ni √((100 + 400)/2) = √250 = 5√10, takribani sentimita 15.8. Anayesambaza kipeuo juu ya kujumlisha huandika (10 + 20)/√2 = 15√2, takribani 21.2. Wastani uliozidi mti mnene kuliko yote hauwezekani, na mwanafunzi aliyewahi kushika kipimo msituni huliona hilo kabla ya kusahihishwa.

Lugha nayo huchangia. Kipeo na kipeuo hutofautishwa na irabu moja, na mwanafunzi wa shule ya msingi hujifunza maneno hayo kama vitendo viwili vinavyotanguana. Katika muhtasari wa Hisabati wa 2005, mada iliyoviunganisha ilikuja Kidato cha Pili, baada ya lugha ya kufundishia kugeuka kuwa Kiingereza. Hivyo, usawa a^(1/2) = √a, ambao kwa Kiswahili ungesomeka wazi kwamba kipeuo ni aina ya kipeo, ulimfikia mwanafunzi kwa majina mawili mapya yasiyofanana kwa sauti wala kwa umbo, naye aliukariri kama kanuni nyingine ya kuongeza kwenye orodha.