Mifupa ya kale: mwanafunzi naye anaweza kusaidia wachunguzi

Mwaka 2008 huko Malapa, Afrika Kusini, Matthew Berger, mtoto wa miaka 9, alikuwa anatembea na baba yake mchunguzi. Akaokota jiwe, akaona mfupa ndani. Ulikuwa wa kiumbe wa jamii ya binadamu aliyeishi karibu miaka milioni 2 iliyopita. Matthew hakuwa na diploma, alikuwa na macho tu.

Mifupa kama hiyo, iliyogeuka mawe, inaitwa visukuku. Kwetu Shabunda ni vigumu kuvipata, juu mvua ya msitu ni mingi, udongo una asidi na mfupa unaoza haraka. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni kukavu, upepo unafunua mifupa peupe. Mwaka 2015 wachunguzi wa Turkana Basin Institute na Chuo Kikuu cha Bradford, Uingereza, walianzisha Fossil Finder: picha za ardhi ya kule ziliwekwa kwenye intaneti, na mtu yeyote, hata mwanafunzi, aliweza kuonyesha pale anapoona mfupa au jiwe lililochongwa. Picha moja ilitazamwa na watu kadhaa, ili mmoja akikosea wengine wasahihishe.

Na Kivu? Mwaka 1950, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua Ishango, pale mto Semliki unapotoka ziwa Edouard, mfupa mdogo wenye alama za kukatwa kwa mpangilio, kama mtu aliyekuwa anahesabu. Una miaka karibu 20.000. Leo uko Brussels, mtoto wa Ishango hajauona.

Umri wake unajulikana kwa sababu tabaka la udongo ulimolala liliandikwa. Mfupa ukishang'olewa hivi hivi, habari hiyo imepotea, hata profesa hawezi kuirudisha.

Hatusemi mwanafunzi ashuke kwenye shimo la dhahabu, hapana! Lakini wakubwa wake wanachimba kila siku, na yeye anajua kuandika. Kitu cha ajabu kikionekana, kisisafishwe, kisivunjwe, kisiuzwe. Kipigwe picha pale pale, kalamu ikiwa kando kuonyesha ukubwa. Kwenye kayé aandike tarehe, jina la mto, kina cha shimo na rangi ya udongo. Mwalimu atume yote kwa idara ya jiolojia ya Université Officielle de Bukavu. Jina la mwanafunzi liandikwe pia.