Miwani ya Rangi ya Waridi

Miongoni mwa semi za Kiingereza zinazowatatiza wafasiri umo ule wa kuyatazama mambo kwa miwani ya rangi ya waridi. Si usemi mpya: Thomas Hughes aliutumia katika riwaya yake Tom Brown at Oxford, ya mwaka 1861, kwa mhusika aliyeuona mji huo kuwa kama pepo ya duniani.

Waingereza hulitumia waridi kwa maana mbili. Wakisema kwamba matazamio ya biashara ni ya waridi, huwa wanasema kuwa dalili ni njema. Lakini wakimvika mtu miwani ya rangi hiyo, huwa wanamlaumu kwamba aona mazuri tu, kasoro hazioni. Mfasiri akizichanganya maana hizi, onyo lililomo katika taarifa hugeuka pongezi, na msomaji aliyepaswa kujihadhari hubweteka.

Kufasiri neno kwa neno hakufai, kwa sababu mbili. Kwanza, kwetu waridi ni jina la rangi tu, kama kahawia iliyotokana na kahawa, halibebi tumaini. Kiswahili huipambanua heri kwa nuru na weupe: twasema nyota njema, twasema moyo mweupe. Pili, katika nahau zetu mtu aliyevaa miwani ni mtu aliyelewa. Taarifa ikieleza kwamba mkurugenzi ameyakadiria mavuno akiwa amevaa miwani ya waridi, msomaji atauliza alikunywa nini.

Basi, kwa maana ya kwanza yafaa kuandika "matazamio yanatia moyo" au "dalili ni njema". Kwa maana ya pili, "ameyafumbia macho matatizo". Na pale ambapo lugha ya ofisini yahitaji staha, "makisio haya yana matumaini kupita kiasi". Walimu nao wawazoeze wanafunzi kuyatazama maneno jirani: waridi likifuatana na "mno", aghalabu hiyo ni lawama.

Katika riwaya, ambamo rangi yenyewe yaweza kuwa na kazi katika hadithi, mfasiri ana ruhusa ya kuibakiza picha, mradi muktadha uifafanue. Katika taarifa ya serikali, wajibu wake wa kwanza ni kumfikishia msomaji hukumu ya mwandishi: je, asifu au aonya?